Boksi la Asubuhi ya Sabasaba

Gerejini, Mabatini,
Mwanza.
27 Julai 2024

Mdogo wangu Nurdin,

Siku ya Sabasaba, Jumapili, kabla ya adhuhuri, kwenye mashindano ya magari, uwanja wa vumbi pale Kisesa, tulipoteza gari letu, na fundi Chenge, aliyekaa kando yako, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu kila nikikupigia unaanza na salamu, unamaliza na salamu, halafu unasema chaji imekwisha. Karatasi haiishi chaji.

Haya, salamu. Assalaam aleikum. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, ila jioni anafika sokoni na kurudi na ugomvi wa nyanya. Zakia wangu anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, anasoma huku amekalia tairi, anasema ofisini kuna joto. Shamsa, mchumba wako, alipita juzi kutujulia hali. Aliuliza unarudi lini. Nikamwambia anayejua yuko Bukoba, anaendesha lori la mchanga la baba mdogo, na hakuniaga mimi pia.

Barua hii nampa Antoni anayepakia mizigo melini. Ya kwako mpe huyo huyo.

Sasa Chenge. Katolewa nyuzi. Vimebaki kidole gumba na cha shahada. Yuko kwao Kisesa, anachunga ng'ombe wa kaka yake. Wiki iliyopita alikuja hapa, akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Ingia, fundi, kwani leo umekuwa mgeni?" Akasema, "Hapa hapa panatosha, Mama Zakia." Mtu aliyefunga breki kwenye gereji hii tangu ikiwa mabati manne na mti mmoja! Akaniambia nisihangaike kutafuta sababu. Eti ni nati yake. Eti Jumamosi alipofunga bomba la breki la nyuma kushoto hakukaza vizuri. Kawaambia watu wote hivyo, kwa mdomo wake, na watu wamempokea. Vijana wa hapa mtaani sasa wakikabidhi gari wanasema, "Kaza bwana, usinifungie kama Chenge." Wanacheka. Nimemfukuza mmoja na spana.

Mimi sijamwamini Chenge, kwa sababu namjua mkono wake. Mabaki ya gari letu, Dagaa, yapo nyuma, nimeyafunika turubai. Nitayafungua mwenyewe. Kabla sijaanza, niandikie ulivyoiona asubuhi ile, tangu ulipofungua mlango wa gereji mpaka ulipowasha. Wewe ndiye uliyefika wa kwanza.

Dada yako,
Fadhila


Bukoba,
18 Agosti 2024

Dada Fadhila,

Shikamoo. Barua nimeipata, ilikaa kwa Antoni safari mbili kwa sababu nilikuwa Muleba na lori. Mimi mzima. Baba mdogo anakusalimia, anasema magoti ya Mama yasuguliwe mafuta ya nyonyo. Huku mvua haingoji msimu, mchanga unalowa, lori linazama, tunachimbua kwa koleo huku watu wanatuangalia na kula ndizi. Lori lenyewe ungeliona ungelia. Linavuja kila kitu. Nikisema tulitandikie boksi chini usiku kama huko gerejini, asubuhi tusome matone, utingo anasema, "Boksi la nini, tuweke beseni." Nimecheka siku nzima, halafu nikakumbuka.

Mwambie Zakia asome, aache tairi. Shamsa nitamwandikia mwenyewe.

Kuhusu asubuhi ile hakuna jipya, dada. Nilifungua mlango, nikafagia, wageni wakaja, tukanywa chai, tukatoka. Boksi lilikuwa kavu. Nilisema siku ile, nasema tena. Kwenye kona ya tatu pedeli ikazama, gari likatelezea kushoto, mawe yako kushoto, na Chenge anakaa kushoto. Hayo yote unayajua. Mimi kila nikikanyaga breki ya lori hili nayaona.

Nakuomba kitu kimoja. Dagaa mwache. Amekufa. Mwite mtu wa chuma chakavu ampakie, usikae unamchokonoa, utaumia moyo bure. Chenge kakubali mwenyewe, na mimi sina kinyongo naye hata kidogo. Mpelekee salamu zangu, mwambie nitakuja.

Mdogo wako,
Nurdin


Gerejini, Mabatini,
31 Agosti 2024

Nurdin,

Marahaba. Mama kapaka mafuta ya nyonyo, chumba kizima kinanuka, magoti ni yale yale. Zakia kapata nafasi ya pili darasani kwenye mtihani wa majaribio, kakasirika kama kafeli. Tumekula sato mkubwa kwa heshima yake. Tulikuwekea kichwa kwa mazoea, mwishowe kakila paka.

Hukunijibu. Nilikuuliza asubuhi, ukanipa chai na wageni. Na unasema huna kinyongo na Chenge. Nani alikuuliza kinyongo?

Dagaa nimemfungua. Nikueleze nilivyofanya ili usije ukasema dada alibahatisha.

Sikumwosha. Mtu akishikwa na uchungu hukimbilia ndoo na mafuta ya taa, akimaliza kuosha ushahidi umeshaingia mtaroni. Nilimpandisha kwenye stendi vile vile na vumbi lake, nikaingia chini na tochi. Unajua ninavyofundisha hapa: panapodondoka si panapovuja. Kimiminika kinatambaa, upepo wa mwendo unakirudisha nyuma, kinakwenda kudondokea kwa jirani. Fuata tope kwenda juu mpaka uone sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Hapo ndipo kwenye kidonda.

Injini kwanza. Ile sili ya nyuma iko ilivyokuwa. Matone sita kwa usiku mmoja, ya kahawia, tuliyajua, tukayahesabu kila asubuhi, tukaongeza oili na tukaenda. Yangefika kumi tusingelitoa gari. Gia boksi kavu. Rejeta imepasuka, lakini imepasuliwa na jiwe, maji yake ya kijani yamemwagika mara moja kama ndoo, hayakuacha njia ya tope.

Gurudumu la nyuma kushoto. Nati ya Chenge ipo pale bomba la chuma linapokutana na mpira wa breki. Unakumbuka anavyochora mstari mweupe wa rangi juu ya kila nati akishaikaza, mstari unavuka nati na kuingia kwenye bodi? Nati ikilegea hata kidogo mstari unakatika. Nurdin, mstari haujakatika. Umenyooka kama alivyouchora. Hata hivyo sikuridhika. Nikaufuta unyevu wote, nikaubana mpira chini ya nati ili mafuta yasipite, nikapaka poda ya mtoto, nikajaza kopo la mafuta ya breki, nikamweka Zakia kwenye pedeli. Kakanyaga mara ishirini. Poda ilibaki nyeupe kama unga wa muhogo.

Tatizo ni mpira. Umekatwa na jiwe, na haukukatwa siku ya mashindano. Kuzunguka ule mkato kuna tope la tabaka mbili. La juu limelowa, ni la siku ile. La chini limeganda gumu, limejishika na mafuta. Vumbi haliwezi kuganda hivyo kwa kona tatu. Jiwe liliupiga Jumamosi kwenye mazoezi, ukaanza kutoa jasho, ukalala unatoa jasho usiku kucha. Jumapili ukapasuka ulipokanyagwa kwa nguvu.

Sasa unisikilize vizuri. Kopo la breki Chenge alilitazama asubuhi ile, mimi nikiwa nimesimama hapo, lilikuwa limejaa. Tone moja au mawili hayawezi kuonekana kwenye kopo. Ndiyo maana tuna boksi. Oili ikivuja tunaisimamia, maji yakivuja tunayasimamia. Breki ikivuja hata tone moja, gari halitoki. Hiyo sheria niliiandika mimi ukutani kwa rangi nyekundu kabla wewe hujajua kubadili tairi.

Nilikwenda Kisesa kumwambia Chenge. Nimemchukulia hata picha ya ule mstari mweupe. Kaitazama sana. Paskazia, mke wake, akaanza kulia, akasema, "Si umeona? Si umeona, baba?" Chenge akarudisha simu yangu. Unajua alisemaje? "Mama Zakia, boksi lilikuwa kavu. Nurdin alilisoma, akasema kavu. Boksi kavu, kopo limejaa, na breki imekufa. Basi ni mkono wangu tu, hata kama hatuoni wapi."

Kaamini neno lako kuliko macho yake.

Mpira unaotoa jasho usiku kucha lazima udondoshe. Boksi la asubuhi ile liliwezaje kuwa kavu? Nijibu hilo tu. Salamu weka barua nyingine.

Fadhila


Bukoba,
20 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Natuma na kopo la senene, wa kwanza wa msimu, nimewakaanga mwenyewe kwa chumvi na kitunguu. Mama apewe wengi, Zakia wachache, asome.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sijui unataka niseme nini. Umeandika kama polisi.

Wewe unakumbuka mipira na nati. Mimi nakumbuka kwamba asubuhi ile walikuwa wanakuja mjomba wa Shamsa na wazee wake wawili, kwa mara ya kwanza, kumwona kijana anayemwoa mtoto wao ana kazi gani. Nani alinipigia simu alfajiri? Nani alisema, "Nurdin, wageni wanafika gerejini saa mbili, wasikute uchafu, wakwe wakikuta uchafu wanarudi na mtoto wao"? Ulikuwa wewe. Mjomba wake ana maduka Nyamagana, viatu vyake havijawahi kukanyaga oili. Alisimama pale pale, pembeni ya Dagaa, akasema, "Kumbe gereji inaweza kuwa safi hivi." Ulicheka kwa furaha, dada. Nilikuona. Sijawahi kukuona unacheka vile tangu Baba afariki.

Nilifanya ulichosema.

Shamsa kaacha kunijibu. Labda ni sawa.

Usiniandikie tena mambo ya gari.

N.


Gerejini, Mabatini,
9 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Waaleikum salaam, japo hukuileta. Senene tumekula. Mama kala robo tatu ya kopo, kasema umezidisha chumvi kama kawaida yako, halafu kafuta macho kwa kanga, kasingizia kitunguu. Jibu tulilitafuta hadi chini ya kopo, hatukulikuta.

Zakia anaanza mtihani keshokutwa. Shamsa alikuja kumletea kalamu. Hajaacha kukujibu, Nurdin. Kasema wewe ndiye umeacha kuandika, na kwamba mjomba wake hana neno, anauliza tu kijana kaenda wapi. Hayo yatengenezeni wenyewe.

Sasa nakujibu la wageni. Ni kweli nilikupigia alfajiri. Nilisema wasikute uchafu. Nilitaka wakwe zako wakuone umetoka mahali, si kwenye dimbwi la oili. Mimi nilianza kwa kuuza oili kwa kipimo kando ya barabara, nikiwa na Zakia mgongoni, na watu wenye viatu kama vya yule mjomba walikuwa wanaruka pembeni yangu kama naambukiza. Siku ile aliposimama gerejini kwangu na kusifu, nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na kile kicheko nakijutia kila siku, maana nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye lile boksi na sikuinama. Lakini nilikwambia fagia. Sikukwambia geuza.

Boksi ninalo.

Mama alikuwa amelichukua wiki ile ile, akalisimamisha nyuma ya kabati lake kuzuia unyevu wa ukutani. Jumatatu tulisogeza kabati ili fundi apige plasta, nikaliona. Lile la jokofu, kubwa, tulilokuwa tunamlaza Dagaa juu yake. Nikalitoa nje kwenye jua.

Upande mmoja una mwandiko wa Chenge, kama anavyoandika kila jioni: Jumamosi 6/7, na mshale unaoelekea boneti. Mbele yapo matone sita ya kahawia ya ile sili yetu, nimeyahesabu. Nyuma kushoto, panapokuwa gurudumu, pana doa jingine, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, halina rangi, vumbi limeliganda kama sukari. Nimeweka kidole, bado linateleza. Maji yangekuwa yamekauka zamani yakaacha ukingo. Na pale lilipogusa wino wa Chenge, wino umefumuka. Mafuta ya breki, Nurdin. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hapa gerejini angelisoma.

Upande wa pili ni msafi. Hauna tone. Una nyayo za viatu vya ngozi, vile visivyokanyaga oili, na una alama za tairi za Dagaa, kuanzia mwanzo wa boksi mpaka mwisho, alipotoka kwenda Kisesa. Kwa hiyo alipotoka, upande msafi ndio uliokuwa juu. Upande wenye matone uliulaza kwenye sementi, wageni wakakanyaga juu yake, wakasifu.

Nimekaa na hilo boksi siku tano. Sijamwonyesha Mama, wala Zakia. Nimejaribu kukutetea mwenyewe, na mimi si mtu wa kutetea. Nimesema: kijana alikuwa na haraka, wakwe wako njiani, kaona boksi chafu kama siku zote, kalivuta, kaligeuza, karudisha chini ya gari, hata hakuliangalia. Hesabu hiyo inakubali. Halafu nimesema: lakini huyu nimemfundisha mimi. Tangu ana miaka kumi na sita, kila asubuhi, anainama, anasoma, ndipo anakunywa chai. Macho yake yanakwenda yenyewe kwenye doa. Akaliona, akasema moyoni, ni tone moja, tukisema breki inavuja gari halitoki, na wazee wamekuja kuona gari likitoka. Akaligeuza. Hesabu hiyo nayo inakubali. Ndiyo inayonikosesha usingizi, kwamba zote mbili zinakubali, na mwenye jibu anakaanga senene.

Ulipoulizwa na Chenge, nilikuwepo. Alikuwa anavaa kofia ya chuma. "Vipi boksi, dogo?" Ukasema, "Kavu, fundi." Akakupiga bega, akapanda upande wa kushoto.

Sikuiti mahakamani. Hukutaka aumie, hilo najua bila boksi wala poda. Ulimtoa garini kwa mikono yako na kichwa chako kikivuja damu, na ulibeba mkono wake umeufunga kwa fulana yako mpaka hospitali. Ila tangu siku ile unamwachia abebe kitu ambacho si chake. Anajaribu kushika spana kwa mkono wa kushoto, Paskazia kaniambia. Anakwenda nyuma ya zizi asionekane, anafunga nati kwenye jembe la ng'ombe, anafungua, anafunga tena, na kila akimaliza anamwita mke wake aje akaze, kwa sababu hauamini mkono wake. Ningeweza kumpa kazi kesho. Kwenye gereji hii bado hakuna anayesikia breki kama yeye, na wa kukaza nitampa. Lakini hawezi kurudi kwenye breki wakati anaamini aliua gari kwa nati, na hatanisikiliza mimi. Nilishampelekea mstari mweupe, akanirudishia neno lako.

Jumapili tarehe 24 Novemba nakwenda kwake na boksi. Nitamwonyesha pande zote mbili. Atasoma haraka kuliko nilivyosoma mimi, halafu ataniangalia na kuuliza swali moja, na unalijua ni lipi. Sitaki kumjibu kwa kukisia. Kama hukuangalia, nitamwambia hukuangalia. Kama uliona, nitamwambia uliona, na nitakaa pale pale huku analisikia, sitaondoka. Lolote kati ya hayo atalibeba kwa urahisi kuliko analobeba sasa. Asichoweza kukibeba ni ukimya, na mimi pia siwezi tena.

Huku siku hizi kila boksi nalisoma pande zote mbili, hata la gari la mteja anayebadilisha taa. Vijana wananicheka. Wacha wacheke.

Meli ya Antoni inafika bandarini Jumapili hiyo asubuhi. Nitakuwa getini. Nitasubiri mpaka saa sita mchana, kisha nitaliweka boksi juu ya gari na kwenda Kisesa, ukiwa umejibu au hujajibu. Usinitumie senene, usiniulizie magoti ya Mama, usinikumbushe nilivyocheka. Chukua karatasi, andika neno moja. Niliona, au sikuona.

Ni lipi, Nurdin?

Fadhila